Aota Inayopanda: Umbo, Kazi na Maradhi ya Mshipa wa Sentimita Tano

Ikisiri

Makala haya yanachunguza aota inayopanda, yaani sehemu ya kwanza ya mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Yanaeleza mahali ilipo, jinsi ukuta wake ulivyoundwa na kazi ambayo ukuta huo hufanya. Kisha yanajadili namna sehemu hiyo inavyotanuka na kuchanika. Hoja inayoyaongoza ni kwamba hatari ya maradhi haya haitokani sana na ukubwa wa jeraha bali na mahali lilipo. Aidha, kwa kuwa dalili ya kwanza aghalabu huwa ni maumivu ambayo mgonjwa peke yake ndiye awezaye kuyasimulia, makala yanashikilia kwamba usahihi wa maneno ni sehemu ya tiba yenyewe.

1.0 Utangulizi

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita tano za damu kila dakika. Damu hiyo, iwe itaishia ubongoni, figoni au kwenye ncha za vidole, hupita kwanza katika njia moja fupi yenye urefu wa sentimita tano hivi na upana wa sentimita tatu hivi. Njia hiyo ndiyo aota inayopanda. Ni fupi kuliko kidole cha shahada, lakini hakuna tone la damu linaloufikia mwili kutoka upande wa kushoto wa moyo bila kuipitia.

Kabla ya kuendelea, ni vyema istilahi zifafanuliwe. Katika mazungumzo ya kila siku, neno 'mshipa' hubeba maana nyingi. Huweza kumaanisha njia ya damu. Huweza kumaanisha neva, ndipo watu husema 'mshipa wa fahamu'. Na huweza kumaanisha maradhi, kama katika 'mshipa wa ngiri'. Mgonjwa anayeambiwa tu kwamba 'mshipa wake mkubwa una kasoro' anaweza kuondoka na maana asiyoikusudia daktari. Kwa sababu hii, makala haya yanatumia neno 'ateri' kwa mshipa unaotoa damu moyoni, 'vena' kwa mshipa unaorudisha damu moyoni, na 'aota' kwa ateri kuu ambayo ateri zote za mwili, isipokuwa zile ziendazo mapafuni, huchipuka kutoka kwayo.

Aota nzima hugawanywa katika sehemu nne. Ya kwanza hupanda kutoka moyoni. Ya pili hujipinda mithili ya upinde na kutoa matawi ya kichwa na mikono. Ya tatu hushuka kifuani kando ya uti wa mgongo. Na ya nne hupita tumboni hadi inapogawanyika kuelekea miguuni. Mjadala huu unahusu ile ya kwanza.

2.0 Mahali na Umbo

Aota inayopanda huanzia kwenye ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo chenye misuli minene kuliko vyote. Mwanzo wake uko nyuma ya nusu ya kushoto ya mfupa wa kidari, usawa wa ubavu wa tatu. Kutoka hapo huelekea juu, mbele kidogo na upande wa kulia, hadi inapofika usawa wa ubavu wa pili wa kulia, ambapo upinde wa aota huanza. Ateri ya mapafu iko mbele yake mwanzoni, kisha huhamia kushoto kwake. Kulia kwake imo vena kuu ya juu, na nyuma yake mna atiria ya kushoto na tawi la kulia la ateri ya mapafu.

Mambo matatu katika umbo hili yanahitaji kuzingatiwa, kwa kuwa ndiyo yanayoeleza karibu kila kitu kitakachosemwa baadaye kuhusu maradhi.

Kwanza, mlangoni pa aota pana vali yenye vijani vitatu. Vijani hivyo hufunguka moyo unaposukuma damu na hufungwa moyo unapolegea ili damu isirudi nyuma. Vimeshikizwa kwenye mzizi wa aota. Kwa hiyo mzizi ukipanuka, vijani huvutwa mbalimbali na vali huanza kuvuja hata kama vyenyewe havina ugonjwa.

Pili, juu ya kila kijani ukuta wa aota umefutuka kidogo na kufanya kijishimo. Vijishimo hivi vitatu vimepewa jina la Antonio Maria Valsalva, mwanaanatomia wa Italia aliyeishi kati ya 1666 na 1723. Katika viwili kati yake ndimo zinamoanzia ateri mbili zinazoulisha moyo wenyewe, ya kulia na ya kushoto. Kwa kawaida haya ndiyo matawi pekee ya aota inayopanda. Moyo, kwa maneno mengine, hujilisha kabla ya kulisha viungo vingine.

Tatu, karibu aota inayopanda yote imo ndani ya mfuko uleule unaoufunika moyo. Mfuko huu ni mgumu na hautanuki kwa haraka. Damu ikivuja humo kwa ghafla, haina pa kwenda ila kuubana moyo.

3.0 Ukuta na Kazi Yake

Ukuta wa aota una matabaka matatu. Tabaka la ndani ni jembamba na laini, nalo ndilo linalogusana na damu. Tabaka la kati ndilo nene kuliko yote. Limejengwa kwa safu nyingi za nyuzi zinazonyumbuka, zikiwa zimesukwa pamoja na misuli laini na nyuzi ngumu. Tabaka la nje ni la tishu imara yenye vijimishipa vidogo vinavyoulisha ukuta wenyewe.

Aota si bomba tu la kupitishia damu. Moyo husukuma damu kwa vipindi: husukuma, hutulia, husukuma tena. Kama aota ingekuwa ngumu kama chuma, damu ingekwenda kwa mishtuko na kusimama kabisa kila moyo unapotulia. Badala yake, kila pigo linapotoa takriban mililita sabini za damu, aota hufutuka na kuhifadhi sehemu ya damu hiyo pamoja na nguvu ya pigo. Moyo unapotulia, ukuta hujirudi na kuisukuma damu mbele. Mwaka 1733 mchungaji na mwanasayansi Mwingereza Stephen Hales, aliyekuwa amepima shinikizo la damu katika farasi, alilinganisha kazi hii na chemba ya hewa iliyokuwa katika pampu za kuzimia moto za wakati wake. Mwaka 1899 Mjerumani Otto Frank aliieleza kwa hesabu.

Kuna faida nyingine isiyoonekana kwa urahisi. Msuli wa ventrikali ya kushoto hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati umelegea, kwa sababu unapojikaza hubana ateri zake wenyewe. Damu inayoufikia wakati huo husukumwa na ukuta wa aota unaojirudi. Kwa hiyo moyo huipa aota nguvu, na aota huirudisha nguvu hiyo kwa moyo.

Gharama ya kazi hii ni uchakavu. Moyo unaopiga mara sabini kwa dakika hupiga takriban mara laki moja kwa siku. Katika miaka sitini, ukuta wa aota huwa umefutuka na kujirudi zaidi ya mara bilioni mbili. Nyuzi zinyumbukazo hutengenezwa kwa wingi kabla ya kuzaliwa na katika utoto. Baadaye mwili haujazi pengo lake kikamilifu. Ndiyo maana aota ya mzee huwa ngumu na pana kuliko ya kijana.

4.0 Kutanuka kwa Aota Inayopanda

Aota inayopanda ya mtu mzima ikizidi sentimita nne kwa upana, kwa kawaida huhesabiwa kuwa imetanuka. Wengi wenye hali hii hawahisi lolote. Hawana homa, hawana maumivu, na huendelea na kazi zao za kila siku. Ugonjwa hugunduliwa kwa bahati, kifua kinapopigwa picha kwa sababu nyingine.

Hatari ya kutanuka inaelezwa na kanuni ya fizikia inayohusishwa na Mfaransa Pierre-Simon Laplace. Mkazo unaoukabili ukuta wa mshipa hutegemea shinikizo la damu likizidishwa kwa nusu kipenyo cha mshipa, na hupungua ukuta unapokuwa mnene. Aota ikipanuka kutoka sentimita tatu hadi sita, mkazo huongezeka maradufu hata kama shinikizo la damu halijabadilika. Na kwa kuwa ukuta huwa umekuwa mwembamba, mkazo huzidi hata kiasi hicho. Kutanuka huleta kutanuka zaidi.

Visababishi ni kadhaa. Cha kwanza kwa uzito wa kijamii ni shinikizo la juu la damu. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo hilo. Cha pili ni maumbile ya vali. Baina ya mtu mmoja na wawili katika kila mia huzaliwa na vali ya aota yenye vijani viwili badala ya vitatu, na aota za watu hao huelekea kutanuka. Cha tatu ni kasoro za kurithiwa za tishu unganishi. Mashuhuri zaidi ni sindromu ya Marfan, iliyopewa jina la daktari Mfaransa Antoine Marfan aliyemweleza mtoto mwenye vidole virefu vyembamba mwaka 1896. Jeni inayohusika ilitambuliwa mwaka 1991. Wenye hali hii mara nyingi huwa warefu, wenye mikono mirefu na macho yenye kasoro ya lenzi. Cha nne ni kaswende isiyotibiwa, ambayo miaka kumi au zaidi baada ya maambukizi huweza kuvila vijimishipa vya ukuta wa aota, hasa ile inayopanda. Kabla ya penisilini kuenea katika miaka ya 1940, kaswende ilikuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya ugonjwa huu.

5.0 Kuchanika kwa Ukuta

Hapa panahitajika kutofautisha vitenzi viwili. Aota 'hupasuka' ukuta wote unapotoboka na damu kumwagika nje. Aota 'huchanika' tabaka la ndani linapopata ufa, damu ikajipenyeza kwenye tabaka la kati na kuyatenganisha matabaka kama kurasa za kitabu kilicholowa zinapobanduliwa. Damu sasa huwa na njia mbili: ya kweli na ya bandia. Kuchanika huweza kuishia katika kupasuka, lakini si jambo lilelile.

Kisa cha kale kilichoandikwa vizuri ni cha Mfalme George wa Pili wa Uingereza. Alifariki ghafla tarehe 25 Oktoba 1760 katika kasri la Kensington alipokuwa amekwenda msalani. Daktari wake, Frank Nicholls, aliupasua mwili na kukuta mfuko wa moyo umejaa damu iliyoganda, na ndani ya aota inayopanda akaona ufa ambao damu ilikuwa imepitia na kujikusanya chini ya tabaka la nje.

Ufa ukitokea katika sehemu hii, njia za kifo huwa nyingi, na kila moja inatokana na umbo lililoelezwa katika sehemu ya pili ya makala haya. Damu ikirudi chini, huweza kuingia katika mfuko wa moyo na kuubana. Huweza kuziba ateri za moyo na kuleta mshtuko wa moyo. Huweza kuvilegeza vijani vya vali, damu ikarudi ndani ya ventrikali. Ikienda juu, huziba ateri za kichwani na kuleta kiharusi. Ikiendelea chini zaidi, huweza kuzinyima damu figo, utumbo na miguu.

Ndiyo sababu madaktari hawagawi maradhi haya kwa urefu wa ufa bali kwa mahali. Katika mgawanyo wa Stanford, uliochapishwa mwaka 1970, aina A huhusisha aota inayopanda, nayo aina B haiihusishi. Aina B isiyo na matatizo mengine hutibiwa kwa dawa. Aina A ni dharura ya upasuaji. Kwa muda mrefu imekadiriwa kwamba, bila tiba, aina A huua asilimia moja hadi mbili ya wagonjwa kwa kila saa katika siku mbili za kwanza.

6.0 Lugha ya Maumivu

Mwaka 2000 matokeo ya sajili ya kimataifa ya ugonjwa huu yalichapishwa. Sajili hiyo ilikuwa na wagonjwa 464 kutoka vituo kumi na viwili katika nchi sita. Takriban asilimia 85 walisema maumivu yalianza kwa ghafla. Karibu nusu waliyaeleza kuwa ya kuchana au kurarua, na zaidi ya asilimia 60 kuwa makali kama ya kitu chenye ncha. Takriban asilimia 72 walikuwa na historia ya shinikizo la juu la damu. Miongoni mwa wenye aina A, waliofanyiwa upasuaji walifariki kwa kiwango cha asilimia 26; waliotibiwa kwa dawa pekee, wengi wao wakiwa wazee au wenye maradhi mengine, walifariki kwa kiwango cha asilimia 58.

Takwimu hizi zinaonyesha kwamba kipimo cha kwanza cha ugonjwa huu si mashine bali ni simulizi. Katika Kiswahili, simulizi hiyo ina mitego yake. Kitenzi 'kuchoma' humaanisha kuunguza na pia kudunga. Anayesema 'kifua kinanichoma' huenda anaeleza kiungulia, na huenda anaeleza maumivu ya kisu. Neno 'kichomi' hutumiwa kwa maumivu ya ubavuni na hata kwa nimonia. 'Ana kifua' huweza kumaanisha kikohozi. Tena wengi husema 'moyo unaniuma' hali maumivu yako tumboni, au hali wana huzuni tu. Daktari anayesikia neno moja na kuandika ugonjwa mmoja anaweza kukosea bila kuwa mzembe.

Kukosea huku si dhana tu. Mwaka 1996 mtunzi wa tamthilia Mmarekani Jonathan Larson, mwenye umri wa miaka 35, alifariki kwa kuchanika kwa aota, usiku wa kuamkia onyesho la kwanza la mchezo wake 'Rent' jijini New York. Katika siku zilizotangulia alikuwa amekwenda katika hospitali mbili akilalamikia maumivu ya kifua, na akaambiwa ni chakula kibaya na homa ya mafua. Kosa la upande wa pili, yaani kuudhania ugonjwa huu kuwa mshtuko wa kawaida wa moyo, pia lina madhara: dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, ambazo huokoa maisha katika mshtuko wa moyo, huweza kuongeza uvujaji katika aota iliyochanika.

Maswali matatu ya Kiswahili sanifu hupunguza utata: Maumivu yalianza vipi, polepole au kwa mara moja? Yalikuwa ya namna gani: ya kubana, ya kuunguza, ya kudunga au ya kuchana? Je, yamehama kutoka kifuani kwenda mgongoni au tumboni? Majibu ya 'kwa mara moja', 'ya kuchana' na 'yamehama' yanatosha kumfanya mhudumu apime shinikizo la damu katika mikono yote miwili. Tofauti kubwa baina ya mikono huashiria kwamba njia ya damu imeingiliwa mahali, ingawa kukosekana kwa tofauti hiyo hakumwondolei mgonjwa shaka.

7.0 Uchunguzi, Tiba na Kinga

Uthibitisho hupatikana kwa kipimo cha CT chenye dawa ya kung'arisha mishipa, au kwa mawimbi ya sauti yanayopigwa kupitia umio. Wakati upasuaji unaandaliwa, mgonjwa hupewa dawa za kutuliza maumivu, kupunguza kasi ya mapigo na kushusha shinikizo. Kisha daktari huondoa sehemu iliyochanika na kuweka bomba la kitambaa maalumu. Mzizi wa aota ukiwa umeharibika pia, hubadilishwa pamoja na vali, na ateri za moyo hushonewa kwenye bomba jipya. Mbinu hiyo ilielezwa na Hugh Bentall na Antony De Bono mwaka 1968.

Miongoni mwa waanzilishi wa upasuaji wa aota iliyochanika ni Mmarekani Michael DeBakey, aliyechapisha taarifa ya upasuaji huo pamoja na wenzake mwaka 1955. Tarehe 31 Desemba 2005, akiwa na umri wa miaka 97, alishikwa na maumivu makali ya kifua. Ilikuwa aota yake inayopanda. Alikataa upasuaji mwanzoni. Alifanyiwa mwaka uliofuata hali yake ilipozorota, akaishi hadi Julai 2008. 

Kinga ina nafasi kubwa zaidi. Shinikizo la damu hupimwa kwa dakika chache na hudhibitiwa kwa dawa zinazofahamika. Sigara huharibu ukuta wa ateri. Aota iliyotanuka hufuatiliwa kwa picha, na mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 hupendekeza upasuaji wa mapema inapofika sentimita 5.5, au kabla ya hapo kwa wenye kasoro za kurithiwa na wengineo walio katika hatari zaidi. Aidha, mwishoni mwa mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba viuavijasumu vya jamii ya siprofloksasini visipewe wenye aota iliyotanuka au walio katika hatari hiyo, ila pasipo na dawa nyingine ifaayo.

Jamaa wa mgonjwa nao wachunguzwe. Mchezaji wa voliboli wa Marekani Flo Hyman, aliyeshinda medali ya fedha katika Olimpiki ya 1984, alianguka na kufariki katika mechi nchini Japani mwezi Januari 1986. Ilidhaniwa ni mshtuko wa moyo. Uchunguzi wa maiti ulionyesha aota iliyochanika na dalili za sindromu ya Marfan ambayo hakuwahi kuambiwa kuwa anayo. Baada ya hapo ndugu yake alipimwa, akakutwa na hali iyo hiyo, akafanyiwa upasuaji kwa wakati.

8.0 Hitimisho

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika aota inayopanda, methali hii si sitiari tena: ufa ukishatokea, daktari hulazimika kujenga ukuta mpya, naye hushindana na saa. Makala yameonyesha kwamba uzito wa sehemu hii unatokana na ujirani wake na vali, ateri za moyo na mfuko wa moyo; kwamba hutanuka kimya na huchanika kwa kishindo; na kwamba baina ya kishindo hicho na chumba cha upasuaji pana maneno ya mgonjwa. Wanafunzi wa Kiswahili wana deni hapa. Istilahi za mwili zinazotofautisha ateri na neva, kupasuka na kuchanika, kuunguza na kudunga, zikifundishwa na kuzoeleka, atakayefaidika kwanza ni mgonjwa aliyefika zahanati usiku, akiwa na lugha hii pekee ya kueleza linalomsibu.